Je, chunjua za mwanangu mwenye ualbino zitageuka saratani?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na ana ualbino. Tangu mvua za masika ametokwa na chunjua vidoleni na mbili mgongoni mwa mkono wa kulia. Dada yake alichanjwa shuleni chanjo ya HPV, tukaambiwa ni ya kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi. Sasa jirani amenieleza kwamba hata chunjua zinaletwa na HPV. Nimeogopa, maana najua watoto kama wangu wengi wanaondoka kwa saratani ya ngozi. Je, chunjua hizi ndizo zitakazogeuka saratani? Nimpeleke naye achanjwe? Nimeshaanza kumlaza peke yake na kumtengea taulo ili asiwaambukize wenzake. Mama wa watoto wanne, Kilosa.

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa mzigo wa wasiwasi uliobeba peke yako. Nakujibu kwanza ndipo nieleze. Chunjua za kawaida za vidoleni kwa mtoto mwenye kinga nzuri ya mwili hazigeuki saratani. Saratani inayowamaliza vijana wenye ualbino inaletwa na jua. Virusi vya HPV vina nafasi yao katika habari hii, na wataalamu wamebishana juu ya nafasi hiyo kwa karibu miaka hamsini, lakini hakuna upande wowote wa ubishi huo unaokutaka umtenge mwanao. Usiku wa leo mrudishe alale na ndugu zake.

Jirani yako hakukosea. Chunjua kweli zinaletwa na HPV. Kilichokosekana katika maelezo yake ni kwamba HPV ni ukoo mzima, una aina zaidi ya 200, na kila aina imepewa namba yake na ina mahali inapopenda kuishi. Aina ya 16 na ya 18 hupenda ngozi laini na yenye unyevu: mlango wa kizazi, njia ya haja kubwa, koromeo. Hizo ndizo Mjerumani Harald zur Hausen alizozihusisha na saratani ya mlango wa kizazi, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na ndizo binti yako alizokingwa nazo. Chunjua za vidole na nyayo huletwa zaidi na aina ya 1, 2, 4, 27 na 57. Zile bapa zinazotapakaa usoni ni za aina ya 3 na ya 10. Paka na chui ni ukoo mmoja pia, wala hakuna anayemfukuza paka jikoni kwa kuhofia kwamba kesho ataamka chui.

Kuna tawi jingine la ukoo huu ambalo jirani hakulitaja, na ndilo linalogusa hasa swali lako. Linaitwa kundi la beta. Humo mna aina ya 5, ya 8, ya 38 na nyingine nyingi. Hizi kwa kawaida hazileti chunjua, hazileti muwasho, hazileti kidonda. Zinaishi kwenye ngozi na ndani ya vishimo vya vinyweleo, kimya kabisa, na mwenye ngozi hajui kama anazo.

Tulichelewa kujua jinsi zilivyoenea. Mwaka 1997 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waling'oa nywele chache kutoka kwa watu na kupima mashina yake. Kwa watu wenye afya tele, karibu nusu walikutwa na vinasaba vya virusi hivi. Kwa waliopandikizwa figo, ambao hunywa dawa za kushusha kinga ya mwili, walikutwa navyo wote. Miaka sita baadaye timu ya Sweden ilipangusa ngozi za watu wazima wenye afya katika nchi tano, zikiwemo Ethiopia na Zambia, na kote huko virusi vya HPV vya ngozini vilikuwepo kwa wingi. Kwa watoto wachanga vimekutwa mapema mno, tangu majuma ya kwanza ya maisha, vikitoka bila shaka kwenye mikono na vifua vya wanaowabeba. Ulipomnyonyesha mwanao ulimpa na virusi vyako vya ngozi, kama mama yako alivyokupa wewe. Ukinipangusa mimi paji la uso sasa hivi ninapokuandikia, huenda ukavikuta.

Basi kama tunavyo karibu sote, kwa nini vilishukiwa kuleta saratani?

Shaka ilianzia kwa wagonjwa wachache sana. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Basel, Uswisi, Felix Lewandowsky na Wilhelm Lutz, walieleza ugonjwa adimu wa kurithi. Mtu huanza utotoni kutokwa na chunjua bapa mikononi na usoni, pamoja na mabaka mepesi kifuani na mgongoni ambayo mtu wa kwetu angeapa ni utangotango. Hazipotei maisha yake yote. Akifika utu uzima, baadhi ya mabaka hayo hugeuka saratani, hasa kwenye paji la uso na sehemu nyingine zinazopigwa na jua. Katika miaka ya 1970 Profesa Stefania Jabłońska wa Warsaw, akishirikiana na Gérard Orth wa Paris, aliwafuatilia wagonjwa hawa kwa subira ya ajabu. Wakaonyesha kwamba ndani ya vidonda vyao vya saratani kuna virusi vya beta, hasa aina ya 5 na ya 8. Mwaka 2002 ikapatikana sababu kwa wengi wao: kasoro katika jeni mbili, ziitwazo TMC6 na TMC8, inayoifanya ngozi ishindwe kuvizuia virusi hivi ambavyo kwa wengine ni wapangaji watulivu. Ndiyo maana shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililopo Lyon limeziweka aina ya 5 na ya 8 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na likasema wazi kwamba linazungumzia wagonjwa wa aina hiyo tu.

Sasa nisikilize kwa makini hapa mama, maana katika yote ninayokuandikia hili ndilo kubwa. Ugonjwa huo umeonekana pia kwa Waafrika weusi. Wana virusi vilevile na mabaka yaleyale. Lakini kwao kugeuka saratani ni nadra kuliko kwa Wazungu. Tofauti kubwa iliyopo ni melanini, rangi ya ngozi inayozuia mionzi ya jua. Kirusi kipo, kinga dhidi yake imepungua, na bado ngozi yenye rangi inastahimili. Mwanao yuko upande wa pili wa mizani. Kinga yake ya mwili ni nzima, kwa sababu ualbino wa kawaida hauigusi kinga. Anachokosa ni ile rangi. Kwa hiyo ukiniuliza nguvu zako chache uzipeleke wapi, kwenye kirusi au kwenye jua, mimi sina hata chembe ya kusita: zipeleke zote kwenye jua.

Virusi na jua vinashirikianaje? Mionzi ya jua inapoipiga seli ya ngozi, hukatakata vinasaba vyake. Seli yenye akili zake husimama kwanza na kujirekebisha, na ikiona uharibifu umezidi, hujiua yenyewe ili isizae seli mbovu. Virusi vya beta vina protini iitwayo E6 inayovuruga hatua zote mbili. Inadhoofisha ukarabati, na inaondoa protini iitwayo BAK ambayo seli huihitaji ili ijiue. Kirusi hakifanyi hivyo kwa kutaka saratani. Kinataka tu seli iendelee kuwa hai ili nacho kizaliane. Matokeo yake ni seli iliyopaswa kufa kuendelea kuishi na vinasaba vilivyochanika.

Kuna jambo lililowasumbua sana watafiti. Katika saratani ya mlango wa kizazi, kirusi kinakutwa ndani ya kila seli ya uvimbe, na uvimbe hauwezi kuishi bila hicho kirusi. Katika saratani ya ngozi ya watu wa kawaida, kirusi cha beta kinapatikana kwa uchache mno, pungufu ya nakala moja kwa kila seli, na mara nyingi hakifanyi kazi yoyote. Wengine wakasema: basi hakihusiki. Wengine wakajibu: kinahusika mwanzoni, kisha kinaondoka, kama mtu aliyelegeza nati za gurudumu akaenda zake, gari likipinduka hayupo.

Ushahidi wa kusisimua kuhusu hili umetoka kwa mnyama mnayemjua vizuri huko Kilosa. Yule panya shamba anayewafukulia mahindi yaliyopandwa ana ndugu yake wa karibu kusini mwa Afrika, na ndugu huyo amefugwa kwa miaka mingi katika maabara za Heidelberg, Ujerumani. Panya hao huambukizwa tangu utotoni kirusi chao wenyewe cha papiloma, yaani ndugu wa HPV yetu, kwa njia ileile tunavyoambukizwa sisi vya kwetu. Walipomulikwa kidogo kidogo kwa mionzi inayofanana na ya jua, waliokuwa na kirusi walipata saratani ya ngozi kwa wingi kuliko wasiokuwa nacho. Na katika baadhi ya uvimbe, hasa ule uliopotoka zaidi, kirusi chenyewe hakikuonekana tena. Mimi nilikuwa miongoni mwa wenye mashaka, na utafiti huo ulinifanya nisogee.

Mwaka 2019 ukaja utafiti uliotusogeza upande mwingine. Watafiti wa Boston walitumia panya wa kawaida wa maabara wenye kinga kamili, wakawaambukiza kirusi cha papiloma cha panya, wakawaacha wakishinde. Walipowatia kemikali na mionzi inayoleta saratani, panya waliokwisha kukishinda kirusi walipata uvimbe mchache kuliko panya ambao hawakuwahi kuambukizwa. Askari wa kinga waliofunzwa kukitambua kirusi walikuwa wakizikamata na seli zilizoanza kuharibika, kwa sababu kirusi huongezeka ndani yake na kuzitia alama. Kwa maneno mengine, mtu mwenye kinga nzima huenda virusi hivi vikamlinda.

Naamini yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake. Kinga ikiwa imara, virusi vya ngozini ni wapangaji, labda hata walinzi wa usiku. Kinga ikianguka, wanageuka. Ndiyo sababu waliopandikizwa figo hupata saratani ya ngozi makumi ya mara zaidi ya wengine, na ndiyo sababu watoto wanaoishi na VVU huku kwetu hutokwa wakati mwingine na mabaka bapa mengi usoni na shingoni yanayofanana na yale ya Basel. Kama mwanao, au mtoto mwingine yeyote nyumbani, ametokwa na chunjua bapa kwa makumi zisizokoma kuongezeka, usiishie dukani kununua dawa. Mpeleke akapimwe, na kipimo cha VVU kiwe kimojawapo.

Turudi kwenye mkono wa mwanao. Zile mbili za mgongoni mwa mkono nataka zionwe na mtu wa ngozi, kwa sababu mahali hapo ndipo jua linapopiga, na kwa mtoto mwenye ualbino alama ya jua inaweza kujifanya chunjua. Nikufundishe ninavyozitofautisha, ingawa haitoshi kukufanya ujipimie mwenyewe. Mshike mkono karibu na dirisha, usimtoe nje. Chunjua imeinuka kama punje, juu ina sura ya koliflawa, mistari ya ngozi inaizunguka bila kupita juu yake, na ukiikwangua taratibu utaona vidoa vyeusi kama ncha za sindano. Ni vijishipa vya damu vilivyoganda. Alama ya jua kwa kawaida haina vidoa hivyo. Ni baka gumu, la manjano au jekundu kidogo, na mara nyingi kidole hulihisi kabla jicho halijaliona: pitisha ncha ya kidole, utasikia kama msasa. Ukisikia msasa, hiyo inatibiwa, na inatibiwa mapema.

Chunjua zenyewe hazina haraka. Kwa watoto, kama theluthi mbili hupotea zenyewe ndani ya miaka miwili, kinga inapozigundua. Kama zinamsumbua kushika kalamu au wenzake wanamcheka, ipo dawa ya asidi ya salisiliki: loweka kidole katika maji ya uvuguvugu dakika tano, sugua tabaka la juu kwa jiwe la kusugulia miguu litakalokuwa lake tu, paka dawa juu ya chunjua pekee, funika. Fanya hivyo kila siku kwa wiki 12, wala usikate tamaa mwezi wa kwanza. Usiipake usoni. Hospitalini wanaweza pia kuzigandisha kwa naitrojeni ya baridi kali. Ninachokusihi ni usikubali mtu amkate kwa wembe, amtie maji ya betri wala utomvu wa korosho. Vitu hivyo huunguza, na kovu la kuungua ambalo linafunguka na kufunga kwa miaka linaweza lenyewe kuzaa saratani. Kwetu Waafrika saratani nyingi za ngozi za miguuni zimeota juu ya makovu na vidonda sugu vya namna hiyo, hata kwa watu weusi kabisa.

Kuhusu chanjo: aliyochanjwa binti yako ni nzuri, na nafurahi aliipata. Tanzania ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lakini imetengenezwa dhidi ya aina za sehemu za siri na mlango wa kizazi. Haizigusi aina za beta, wala haijakusudiwa chunjua za vidole. Kumtafutia mwanao chanjo hiyo kwa ajili ya ngozi yake ni kutumia nauli ya kwenda Morogoro bila sababu. Nauli hiyohiyo itumie kumfikisha kliniki ya ngozi.

Hapo nataka nikusimulie kidogo. Kijana mmoja fundi baiskeli, miaka 24, mwenye ualbino, alikuja siku ya kliniki yetu ya vijijini akiwa na plasta nyuma ya sikio. Alikuwa amevaa kofia ya chepeo, nadhifu, ya timu anayoipenda. Nilipobandua plasta nilikuta kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, upana wa sarafu ya shilingi mia. Kilikuwa na miezi minane. Mara tatu alikuwa amepewa krimu ya fangasi dukani, na kila mara kilikauka juu, kikafunguka tena. Tulimpeleka akafanyiwa upasuaji, akapoteza sehemu ya sikio, na yu hai mpaka leo na baiskeli anatengeneza. Lakini nilipoitazama ile kofia mezani nilijua ilikuwa imelinda paji la uso na kuyaacha masikio na shingo juani kila siku kwa miaka kumi. Hadi leo nikimwona mtoto mwenye ualbino amevaa chepeo, moyo unanishtuka.

Kwa hiyo mnunulie mwanao kofia ya ukingo mpana inayofunika masikio na kisogo. Shati la mikono mirefu, kitambaa kilichoshonwa kwa nyuzi zilizokaribiana, ambacho ukikiinua kwenye mwanga huoni upande wa pili. Zungumza na mwalimu mkuu ili asisimame mstarini juani, asipelekwe shamba la shule, acheze kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na akae mbele karibu na ubao, maana macho yake nayo yanahitaji msaada. Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi apake usoni, masikioni, shingoni na mgongoni mwa mikono kila asubuhi, kisha tena mchana. Ipo inayotengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino, inaitwa Kilisun, na hugawiwa bure kupitia kliniki za kuzunguka. Mwulize mganga wa wilaya au viongozi wa chama cha watu wenye ualbino ni lini zinafika kwenu. Losheni isimfanye aonekane ana ruhusa ya kukaa juani. Nguo na kivuli ndivyo vinavyobeba kazi kubwa. Madaktari waliowafuatilia watu wenye ualbino Dar es Salaam katika miaka ya 1980 waliona ngozi ikianza kuharibika utotoni kabisa, kwa hiyo miaka tisa si mapema hata kidogo.

Kila mwezi mkague kichwa hadi kiganja, pamoja na midomo na nyuma ya masikio. Kidonda chochote kisichofunga kwa wiki nne, kinachotoa damu kwa kuguswa kidogo, au gamba gumu linalodondoka na kurudi palepale, hicho usikisubiri na usikubali krimu ya pili. Omba kichukuliwe kinyama kikapimwe. Saratani hii ikikamatwa ndogo hutolewa kwa kisu, na kwa wengi habari yake huishia hapo.

Kuhusu taulo, hilo ulilomtengea liache liwe lake, maana chunjua huhama kwa taulo lenye unyevu, na wembe na jiwe la kusugulia pia visichangiwe. Kushikana mikono, kula sahani moja na kulala kitanda kimoja kusikutie hofu. Na kama amekuuliza kwa nini alihamishwa, mwambie mama alikuwa hajajua, sasa amejua.